Mtu wa Kupigiwa Simu

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, tafadhali, si umesimama mlangoni jicho moja kwenye barua na jingine jikoni, maana nakujua. Kwanza kabisa, mimi ni mzima. Sina homa, sina jeraha, natembea kwa miguu yangu na meno yangu yapo, ukiondoa lile ulilonivunja wewe kwa mwiko. Wasiwasi wangu uko kwako. Goti linasemaje? Na shemeji, bado anabishana na redio wakati wa taarifa ya habari? Mpwa wangu ningependa kumuulizia vizuri lakini sijui nianzie wapi. Habari zake za mwisho nilizonazo ni kwamba alikuwa anajiandaa kuingia chuo, na hizo nilipewa na Mama. Huenda sasa amemaliza, huenda ameoa, na mimi huku namuulizia kama mtoto wa shule.

Kuna jambo najua unalisubiri, na kwa jinsi usivyo na subira umeshaanza kuruka mistari kulitafuta. Rudi juu, Dada. Nitalifikia. Nikianza nalo nitaliharibu, na tayari nimeshachana karatasi za kutosha.

Utauliza kwa nini barua, wakati simu ninayo na namba yako ninayo. Nimejiuliza hivyo hivyo. Wewe na mimi hatujawahi kugombana. Nimeutafuta ugomvi kichwani mwangu nikaukosa, na afadhali ungekuwepo, kwa sababu ugomvi una pa kuanzia: mmoja anaomba radhi, mwingine ananuna kidogo, basi yanaisha. Sisi tulizoea tu kusalimiana kupitia kwa Mama. Nikimpigia yeye ananiambia dada yako anakusalimu, wewe ukifika kwake anakuambia mdogo wako anakusalimu. Nina hakika salamu nyingine alikuwa anazitunga mwenyewe, maana kuna siku aliniletea salamu zako ndefu, kumbe wakati huo umekaukiwa na sauti huwezi hata kumwita paka. Siku ya mazishi yake uliniandikia namba yako, nikakuahidi nitapiga ili na wewe uipate yangu, kisha kila mtu akarudi kwake. Mara nyingi nimeitoa namba hiyo nikaitazama. Huwa natafuta neno la kuanzia, na kabla sijalipata simu inajizima mwanga.

Sasa habari za kazi. Unakumbuka nilikuwa nimeajiriwa kuendesha watalii. Yule mzee mwenye kampuni alichoka, watoto wake wakaifunga, na kwa utumishi wangu wote nikaachiwa gari moja, lile lile nililokuwa naliendesha. Kwa hiyo mdogo wako leo ni kampuni nzima. Mkurugenzi ni mimi, dereva ni mimi, mfagiaji ni mimi, na tukiitisha kikao cha wafanyakazi hakuna anayechelewa.

Kazi yenyewe naipenda. Nawapokea wageni uwanja wa ndege, nawazungusha, nawarudisha. Madereva wenzangu wananiita Kioo, kwa kuwa naongea na abiria kwa kuwatazama kwenye kile kioo cha juu, na sina mazoea ya kugeuka. Watu nawajua kuanzia nyusi mpaka kidevu. Najua nani amenuniana na mkewe, nani anajifanya haogopi kona za mlimani, nani amelia usiku. Mwisho wa safari nawashusha, tunashikana mikono, wananiambia hawatanisahau kamwe, nami naitikia kwa adabu. Nikirudi, chumba changu nakikuta vile vile nilivyokiacha: kikombe kimoja, sahani moja, kiti ambacho hakikaliwi na mtu kwa sababu kimejaa nguo. Siku hizi nikishaegesha nje huwa nabaki kidogo ndani ya gari kabla ya kuingia, kwa kuwa garini angalau bado kuna harufu ya watu. Ni upweke tu, Dada, sioni tena haya kuutaja.

Mwaka huu mamlaka inayosimamia usafiri wa watalii ilitoa masharti mapya. Zamani ukiwa na leseni na bima unaingia barabarani. Sasa kila mwenye gari la watalii, awe na magari mia au awe na moja kama mimi, lazima apewe ithibati, na asiyekuwa nayo haruhusiwi kuingiza gari uwanja wa ndege wala kuegesha mbele ya hoteli. Kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo riziki yenyewe. Nikikosa ithibati gari linageuka banda la kuku, na kwa hizi mvi zangu sijui nani atanipa usukani wake.

Masharti ni mengi mpaka yanachosha. Umri wa gari, matairi, mkanda kwenye kila kiti, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, cheti cha daktari, mafunzo ya kuhudumia wageni ambako kijana mmoja aliyenyoa vizuri alitufundisha namna ya kutabasamu. Lazima pia uwe na ofisi yenye kibao mlangoni. Nilikodi kipembe kwa fundi cherehani, nikaweka meza, na wateja wake hupimiwa suruali mbele ya mkurugenzi. Nilipiga moyo konde nikayatimiza moja baada ya jingine, mpaka likabaki la mwisho, safari ya majaribio.

Safari hiyo hufanywa gari likiwa limejaa, mkaguzi akiwa ndani. Abiria ni madereva wenzako wanaosubiri zamu yao, na kazi yao ni kuigiza utalii. Ungewaona ungevunjika mbavu. Yupo mmoja tunayemwita Padre kwa upole wake, alivaa kofia pana kama sinia akawa anasimamisha gari kila penye jiwe ili alipige picha. Mwingine alilalamika njia nzima kwamba kiyoyozi kinamtia baridi, na gari langu halijawahi kuwa na kiyoyozi. Mimi niliendesha vizuri. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinikosoa kitu kimoja tu, kwamba maelezo ya usalama nisiyatoe kupitia kwenye kioo bali nisimame mlangoni niwatazame watu usoni. Nikasimama nikawatazama, japo nilihisi kama nimevuliwa shati.

Basi likaja suala la kibao. Ndani ya gari, karibu na mlango wa abiria, lazima kuwe na kibao chenye namba ya simu ya mtu wa kupigiwa endapo dereva ataugua ghafla au kupata ajali. Changu nilikuwa nimekichora mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka, na nilikuwa nakionea fahari. Yule mama akanitaka nijifanye nimezimia kwenye usukani. Nikazimia vizuri sana, ulimi nje. Akatoa simu yake, akasoma namba kwenye kibao, akapiga. Simu ikaita ndani ya mfuko wa shati langu.

Mazoea yana tabu, Dada. Niliinuka pale pale nilipozimia, nikapokea, nikamkaribisha kwenye kampuni yetu na kumuuliza tumsaidie nini, huku tunatazamana ana kwa ana. Madereva walicheka mpaka gari likatikisika. Padre alishuka akaenda kucheka nje akiwa ameshika mti. Mimi pia nilicheka, maana wakati nakichora kibao sikuona kosa lolote: kwenye kampuni yangu namba ya ofisi ni hiyo, ya dereva ni hiyo, ya mwenye mali ni hiyo hiyo. Mkaguzi hakucheka. Alingoja wanyamaze, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, basi nikianguka kweli apigiwe nani. Wote walikuwa wananitazama wakingoja jina, jina lolote tu, na mimi nikaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Akaniandika kwamba sijafaulu, akanipa nafasi ya kurudia mwisho wa mwezi.

Akanieleza sharti lenyewe vizuri. Mtu huyo asiwe dereva mwenzangu, kwa kuwa dereva naye anaweza kuwa barabarani. Awe anapokea simu. Awe anajua jina langu kamili na hali yangu ya afya, kwa sababu hayo ndiyo hospitali watakayouliza kwanza. Nikaitikia kama mtu aliyeambiwa akanunue kiberiti dukani.

Nilianza na mama mwenye nyumba wangu. Alisema namba ngeni huwa hapokei, na hata akipokea habari za hospitali zinampandisha presha. Sikumlaumu. Nikamfuata yule fundi cherehani, akaniambia kwa ukweli wake kwamba simu yake mara nyingi hukaa kwa mkewe, na mkewe akipigiwa na mamlaka atafikiri ni kuhusu kodi, hatakubali hata kwamba ananifahamu.

Aliyeniuma ni fundi wangu wa magari. Tumefahamiana miaka mingi, na gari hili analijua mpaka namna linavyokohoa asubuhi. Alikubali hapo hapo, akiwa bado chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamshukuru, nikamwambia atakayempigia atamuuliza jina langu kamili. Ile miguu ikatulia. Akatoka chini polepole, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa, akaniomba radhi akisema siku zote ameniita Kioo na hakuwahi kuuliza zaidi. Nikamwambia asijali. Nilipofika barabarani nikakumbuka kwamba hata mimi jina lake silijui, kwenye simu yangu nimemwandika Fundi Gereji. Nilirudi nikamuuliza. Akaniambia, nikamwambia langu, tukapeana mikono kama watu waliokutana siku hiyo. Jina nilikuwa nimempa, lakini kumwomba aweke kichwani na magonjwa yangu niliona ni kumwonea.

Usiku ule nilikaa kitandani na kibao magotini. Nikafuta namba yangu kwa mafuta ya taa, nikachora jina lako na namba yako. Sikukuomba ruhusa. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kukuomba, na kila nilipoamka nilisema kesho. Nikajidanganya kwamba mkaguzi hatapiga mara ya pili, ataangalia tu kwamba kibao kipo na herufi zinasomeka.

Alipiga. Sasa umeshajua ni nani aliyekupigia Jumanne iliyopita, na kwa nini.

Safari hii hakutaka nizimie. Alinitaka nisimame nje karibu na mlango, akafungua spika ya simu ili kila mtu ndani ya gari asikie, ndio utaratibu wao. Ikaita, ukapokea. Sauti yako, Dada. Imekuwa ya Mama, na hakuna aliyewahi kuniambia. Yule mama akajitambulisha kwamba anatoka mamlaka ya usafiri, akauliza kama una ndugu anayeendesha gari la watalii, na alipovuta pumzi tu aendelee kusema kwamba ni majaribio ukawa umeshamnyang'anya maneno. Ulitaja jina langu lote, na la baba, na la babu, ukaongeza na lile la utotoni, ambalo sasa madereva wote wa mji huu wanalo na Mungu akusamehe. Ukasema nisichomwe penisilini kwa hali yoyote, kwamba nilichomwa nikiwa mdogo uso ukavimba mpaka macho yakaziba, na kwamba mimi mwenyewe sitawaambia kwa kuwa nina kichwa cha kuku. Ni kweli. Kwenye fomu ya daktari nilijaza kwamba hakuna dawa inayonidhuru. Nilimwona mkaguzi akiandika haraka haraka. Kisha ukauliza niko wapi. Ukasema unavaa viatu, unakuja, wakuelekeze tu. Hukuuliza ni mbali kiasi gani.

Ndani ya gari hakuna aliyecheka. Padre alivua ile kofia yake akaiweka mapajani.

Mkaguzi alipopata nafasi akakueleza kwamba ni majaribio tu na mdogo wako ni mzima. Tukasikia unavyohema. Nilidhani utamfokea, na ungekuwa na haki. Badala yake ukauliza kama nipo karibu, ukaomba nipewe simu hata kidogo unisikie. Ukaambiwa nimeondoka kwenda kusogeza gari.

Dada, sikuwa nimeondoka. Hili ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, karibu na simu kuliko nilivyo sasa na karatasi hii. Yule mama alininyooshea simu, nikatikisa kichwa. Akaninyooshea tena, nikarudi nyuma. Uongo ule aliusema kwa ajili yangu, na hajui kudanganya, nadhani ulimsikia alivyobabaika. Nikakusikia ukisema, haya basi, mwambieni namsalimu. Halafu ukakata.

Nilikuwa nalia, ndiyo sababu. Si machozi ya kiume yale ya kufuta kwa kidole ukasingizia vumbi. Nilikuwa nalia kwa kwikwi mbele ya watu wazima, na Padre ameshuka kunishika bega. Tangu Mama aondoke nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu ambaye akianguka barabarani watu watampekua mifuko wasikute lolote la maana. Nilishaikubali hali hiyo, nikawa naishi nayo, hata nikaacha kuiona. Halafu nasikia mtu anavaa viatu. Ningeipokea simu ile ungesikia kwikwi, ungejua wamekudanganya kuhusu uzima wangu, na ungetoka mbio na hilo goti lako. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Iliyobaki ni woga, na ya woga sina maelezo.

Ithibati nimepata. Imetundikwa ofisini juu ya cherehani, na wanaokuja kupimwa nguo wananipongeza. Lakini mkaguzi ameniambia kwamba mwenye namba lazima akubali mwenyewe, na anaweza kuiondoa siku yoyote anayotaka, na kwamba nilipaswa kukuomba kabla ya kuchora. Kwa hiyo nakuomba sasa. Ukiona ni mzigo, sema, nitafuta, na nitarudi kumbembeleza Fundi Gereji ajifunze magonjwa yangu. Sitaki nikupambe kwa maneno matamu pia. Sikupima watu wengi nikakuchagua wewe. Niliandika namba yako kwa sababu sina nyingine duniani, na nimeona ni bora uikubali au uikatae ukijua hivyo.

Na kama nilikutisha siku ile, na bila shaka nilikutisha, nisamehe. Nimekuwa nikifikiria ulivyokaa kitini baada ya kukata, kiatu kimoja mguuni, na hakuna mtu karibu wa kukuambia pole. Kama shemeji alikuwepo, nisalimie yeye na umwambie akupe pole kwa niaba yangu. Mpwa wangu msalimie, na umwambie mjomba wake anauliza ni mtu mzima wa namna gani sasa. Salimia na majirani wanaonikumbuka.

Usihangaike kujibu kwa barua, najua unavyochukia kuandika. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, kubwa, utaisoma hata bila miwani. Piga, Dada, hata kama huna neno la kuanzia, maana mimi pia sina, tutalitafuta wote. Ila ujue kwamba masharti mapya yanakataza dereva kupokea simu gari likiwa linatembea, na mimi sasa ni mtu wa ithibati. Kwa hiyo ikiita muda mrefu bila kupokelewa, nakuomba usikate. Ujue natafuta mahali pa kuegesha.

Wako akupendaye,
Mdogo wako